Muulize Bi Shamba: Nyumba imekwisha, uga bado

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliohamia nyumba mpya. Kila mmoja ameangalia kalenda, ameona masika haiko mbali, na anataka miche iwe ardhini kabla tone la kwanza halijaanguka. Nimeanza na barua ya Fuoni, hapa Unguja, na nimeipa nafasi kubwa kwa sababu shida yake ni ya wengi. Nyengine nitazipitia kwa kadiri zinavyostahiki.

SWALI: Bi Shamba, shikamoo. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba yetu Fuoni mwezi wa kumi na mbili. Kiwanja ni mita 15 kwa 20 na nyumba imekaa katikati. Mbele imebaki kama mita 4, nyuma 5, ubavuni ni vichochoro tu. Mume wangu anataka tutandike vitofali vya pevingi kote, anasema hataki kuona matope. Mimi nataka kivuli, ndimu yangu mwenyewe, asumini, na kitu cha kutia sufuriani. Nilimwaga mchicha nyuma ya jiko, ukaota vizuri, kisha ukageuka manjano na kudumaa. Na maji ya bati yanamwagikia upande wa jirani, naye keshaanza kununa. Nianzie wapi?
Mama wa Fuoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Nyumba si jambo dogo.

Nianze na mchicha, maana huo ndio uliokwambia ukweli wa uga wako. Waulize mafundi zege walikuwa wakichanganyia wapi. Naweka jembe langu rehani kuwa ni hapo hapo nyuma ya jiko, karibu na pipa la maji. Saruji iliyomwagika na kuoshwa hapo miezi yote ya ujenzi imezama udongoni na kuujaza chokaa. Udongo wa namna hiyo madini ya chuma unaweza kuwa nayo tele, lakini mzizi hauwezi kuyachukua. Ndiyo maana jani linakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukimwagia mbolea ya dukani utapoteza pesa tu.

Kuna na la pili. Msingi ulipochimbwa, na shimo la karo lilipochimbwa, udongo uliotoka ulikwenda wapi? Ulitandazwa. Ule ni udongo wa chini, haujawahi kuona jani lililooza tangu dunia kuumbwa, na sasa umelala juu ya udongo wenu mzuri na kuufukia. Chukua jembe uchimbe mahali patatu, mbele, nyuma na ubavuni, kina cha goti. Kwanza utakutana na vipande vya matofali, misumari, karatasi za mifuko ya saruji. Halafu ule udongo mfu. Halafu, ukiwa na bahati, utaona ukanda wenye weusi kidogo na vijizizi vya majani ya zamani. Huo ndio mali. Utoe uje juu, na huo mfu uende chini au utumike kuinulia njia ya gari. Pale palipochanganyiwa zege, kwangua kina cha futi moja, ukitupe chote.

Na tafadhali, usikimbilie kununua gari la udongo mwekundu. Kinongo, huo mwekundu wetu, ni udongo mzuri, simkatalii mtu, lakini nenda mwenyewe ukauone unakochimbwa. Nimeona nyua zilizokuwa safi zikaletewa ndago kwa gari moja tu. Ndago ukiivuta jani linakatika mkononi na kile kiazi chake kinabaki chini kinakusubiri ugeuke. Ukiuona udongo una vijibonge vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga, mwambie dereva ageuze.

Sasa maji. Bati lako lina kama mita 120 za mraba. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika inaweza kunyesha watu hawajamaliza chai ya asubuhi, inakumwagia lita 2,400. Hizo zote sasa anapelekewa jirani, ndiyo ananuna, na mimi ningenuna. Weka mfereji wa bati, teremsha maji kwenye tangi, na ya ziada yapitishe kwenye mtaro mdogo uliojazwa kokoto mpaka kwenye shimo la kuzamia, mbali na msingi, mbali na karo, mbali na ukuta wa huyo jirani. Hii ifanyike kabla ya mti wowote, kwa sababu ukishapanda hutakubali tena kuchimba mtaro katikati ya waridi zako.

Mumeo hana makosa kuchukia matope. Lakini mwambie hivi: akitandika vitofali kote, mvua ile ya lita 2,400 za bati itaongezewa na ya uga mzima, na haitakuwa na pa kuzama. Tena mchana wa kaskazi, Januari na Februari, uga wa saruji unafyonza joto na kuwarudishieni usiku mkiwa mmelala. Mpe njia kutoka getini mpaka barazani, mpe na pa kuwekea gari au vespa, basi. Pengine pote pabaki na udongo, utandazwe majani makavu au vifusi vya makumbi. Matope hayapo chini ya majani.

Mahali pa kupanda hapaamuliwi na mwenye nyumba peke yake, jua lina neno. Kwetu huku jua halipiti sehemu moja mwaka mzima. Juni linapita upande wa kaskazini, na saa sita mchana ukuta wa mita 4 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 2 upande wa kusini. Desemba linapita kusini na kivuli kinageukia kaskazini, kifupi zaidi, mita moja na ushei. Kwa hiyo kama nyuma ya nyumba yako ndiyo kusini, tuta la mboga lisibanane na ukuta, lisogeze mita mbili na nusu, la sivyo wakati wa kipupwe mboga zitakaa kizani. Jua baya ni la alasiri. Ukuta unaotazama magharibi ndio unaopikwa, na chumba cha nyuma yake ndicho kisicholalika. Kivuli chako kitie huko.

Kivuli cha nini? Si mwembe. Najua mwembe boribo unautamani, na mche wa kubebesha barabarani unaonekana mdogo, mpole. Katika mita 4 hauna pa kwenda ila batini na kwenye msingi. Mfenesi na mshelisheli pia usinitajie. Kwa uga kama wako ningetia mndimu mita 3 kutoka ukutani, na mkomamanga au mstafeli upande wa pili. Mndimu ukiupata wa kubebesha utazaa mapema kuliko wa kokwa, ila kile kifundo cha maunganisho kibaki juu ya udongo siku zote. Ukikifukia, shina litaoza pale.

Mashimo yachimbwe sasa hivi, kiangazi hiki, usingoje mvua. Sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto, shimo liachwe wazi lipigwe jua. Kabla ya kupanda, jaza maji ndoo mbili tatu, yakishazama jaza tena. Maji ya mara ya pili yakibaki mpaka asubuhi yake, hapo pana udongo wa kinamo au sakafu ya zege imefichika. Usipande shimoni, inua kichuguu cha nusu mita upande juu yake. Pakiwa pazuri, laza makumbi ya nazi chini kabisa, tumbo juu, yanashika maji wakati wa kiangazi. Halafu udongo ule wa juu uchanganye na samadi kavu, samadi sehemu moja udongo mbili. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na ya kuku ndiyo kali zaidi, iache ikae miezi mitatu. Panda masika ikishakaa, mvua za siku kadhaa mfululizo, si kwa ile ya kwanza inayokuja kutia vumbi harufu na kuondoka.

Asumini sasa. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Maana yake upande wa mashariki wa nyumba unapata upepo misimu yote miwili. Tia asumini huko, mbele ya dirisha la chumbani, na harufu itaingia yenyewe usiku zinapofunguka. Mche mmoja wa mrehani karibu yake, na waridi la kienyeji lile la harufu, na kikuba chako, kile kishada cha maua ya kunukia, utakifunga bila kwenda sokoni Darajani. Mlangilangi watu wengi wananiuliza. Ni mti mkubwa jamani, si ua. Ukitaka kuwa nao, ukate kilele ukifika kimo chako na matawi uyainamishe, la sivyo maua utayanusa lakini hutayafikia.

Mchicha utaota tena, usiwe na wasiwasi. Bamia na bilingani pia, na mchaichai pembeni.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nimejenga Jambiani karibu na pwani. Uga wangu wote ni mawe. Kijana niliyemwita kuchimba mashimo ametumia mtaimbo siku nzima, amepata kina cha kiganja. Kisima kina maji ya chumvi. Majirani wananiambia nimwage majivu. Je, kuna bustani hapa au nitulie barazani?
Mwalimu, Jambiani

JIBU: Mwalimu, barazani utatulia, lakini chini ya kivuli.

Maweni hayachimbwi popote unapotaka wewe. Yana matundu yake, mengine yamefunikwa na vichaka, na ndani yake mna udongo mwekundu au mweusi uliojikusanya wenyewe miaka na miaka. Tembea uga wako na kijiti cha chuma, choma choma. Kinapozama zaidi ya mkono, hapo weka alama. Mpapai, mndimu, mpilipili na mkomamanga vitaishi humo, na wazee wa kusini wamelima muhogo na mtama kwenye mawe hayo hayo. Mpango wa bustani yako utafuata matundu, hautakuwa na mistari, na usiuone aibu. Pasipo na tundu, mawe yaliyong'olewa yapange duara, kimo cha goti, ujaze majani, samadi na udongo, upande humo mboga zako.

Majivu acha kabisa. Wanaokwambia hawakutakii baya, majivu ni dawa kwenye udongo mwekundu wa Mwera au Kizimbani. Lakini mawe yako ni matumbawe, ni chokaa tupu, na majivu yanaongeza chokaa juu ya chokaa. Utaona manjano yale yale niliyomwelezea mama wa Fuoni, sababu ni ileile. Dawa yako wewe ni majani yaliyooza, mengi, kila mwaka. Mwani uliotupwa na maji pwani unafaa pia, ila urundike mahali masika iupige kwanza, chumvi itoke, ndipo uutandaze.

Maji ya kisima yaonje. Ukiyaweza kunywa kwa kukunja uso, mnazi na mkomamanga utavumilia. Mndimu hautavumilia, wala mboga. Hizo zipe maji ya bati, na ndiyo maana tangi kwako ni la lazima kuliko geti. Upande wa bahari panda mkadi na mvinje vipokee upepo wa chumvi kabla haujafika kwa vyengine. Mvinje uwe mbali na nyumba, unarefuka na matawi yanakatika.

SWALI: Mama yangu ni mtu wa shamba, sasa nimemhamishia nyumba niliyojenga mjini Wete. Anasema hawezi kulala kwenye nyumba isiyo na mkarafuu mbele. Mimi naona mti wa shamba ubaki shamba. Unasemaje?
Kijana wa Wete

JIBU: Nasema mpandie mama yako mkarafuu.

Ila uupande kwa akili. Unapita mita 10 kwa urefu, basi uwe mita 6 au 7 kutoka ukutani, mahali pasiposimama maji, maana mkarafuu ukikaliwa na maji mizizini unakufa kuanzia kileleni. Mche mdogo hautaki jua kali. Tia migomba miwili mitatu uuzunguke, mkarafuu ukishika nguvu unaikata migomba. Utangoja miaka 6 mpaka 8 kuona karafuu, na ukizichuma si za kupeleka sokoni mwenyewe, mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mama anajua. Mti huu una historia na nyinyi watu wa Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tokea hapo ninyi ndio wenye karafuu. Bibi anayetaka mmoja mlangoni hadai kikubwa.

SWALI: Nipo Bububu. Maji ya kuoshea vyombo naona yanapotea bure, nikiyamwaga nje yanatuama na mbu wanazidi. Naweza kumwagilia bustani?
Dada wa Bububu

JIBU: Mwagilia migomba. Chimba kishimo kama beseni kubwa, zungushia migomba mitatu, mkono wa tembo au kisukari upendavyo, kishimo ukijaze majani na maganda ya jikoni, na bomba la jiko limwagikie humo. Sabuni ya kawaida haiidhuru. Maji yenye jiki yamwage kwengine, na mboga zinazoliwa mbichi usizimwagilie kwa maji hayo. Mbu nao hawatoki kwenye maji ya jikoni peke yake, nenda kaangalie vifuu vya nazi ulivyovitupa nyuma ya ukuta. Kila kifuu kilichotazama juu ni nyumba ya mbu.

SWALI: Nimejenga Mbweni na nina nafasi kubwa. Nataka majani ya ukoka uga mzima kama hotelini. Nitumie aina gani?
Msomaji, Mbweni

JIBU: Hoteli ina mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni na mwengine wa kukata, na bili ya maji inalipwa na mgeni. Wewe una nani? Tia ukoka mahali watoto watakapocheza, pengine pote panda miti, maana nafasi unayo na wenzako hawana. Huko Mbweni ndiko John Kirk, balozi wa Uingereza zama za Seyyid Barghash, alikokuwa na bustani yake akijaribu miti ya kila nchi. Mwembe boribo niliomnyima mama wa Fuoni nakupa wewe, mita 8 kutoka nyumbani, na mshelisheli nyuma yake. Ukoka wa kienyeji unatosha, huo wa kununua kwa mkeka utaungua kaskazi ya kwanza.

SWALI: Nimepanda, mbuzi wa jirani wamekula. Nimepanda tena, wamekula tena. Ukuta sijamaliza. Nifanyeje, na nisigombane?
Mgeni wa mtaa, Kisauni

JIBU: Kwanza nenda kwa jirani na sahani ya kitu, usiende na mche uliotafunwa mkononi. Mwambie umehamia, ukuta haujafika, unaomba mbuzi wafungwe mpaka uumalize. Wengi wanaelewa. Asipoelewa kuna sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, lakini huko usifike mwezi wa kwanza.

Huku ukingoja, kila mche uzungushie vijiti vya mchongoma au matawi ya mndimu yenye miiba, yasimame kimo cha kiuno, karibu karibu. Wakulima wengi pia huchanganya kinyesi cha mbuzi na maji wakapaka majani, mbuzi anakinyaa chakula kilichonuka hivyo. Mvua ikipiga, paka upya, na usipake mboga unayotaka kula mwenyewe. Na kama jirani ana kuku, hao miiba hawaioni kitu, wanapita chini na kufukua samadi yote. Panga mawe bapa juu ya udongo kuzunguka shina, uache nafasi ya vidole vinne yasiliguse.